Picha ya Marehemu Obiero

Barua ilifunguliwa kibandani kwa Jerusa muuza uji, saa kumi jioni, mvua ya Kericho ikigonga mabati kama kawaida yake. Obiero, mpima majani ya chai ambaye wenzake walimwita Mizani, aliisoma mara mbili. Rafiki aliyepita kijijini kwao, Gem, aliandika kuuliza kama ni kweli: huko wamesikia amekufa kwa nimonia. Matanga ni Jumamosi.

"Pole kwa msiba," akasema Nyamweya. Huyu alikuwa mkata kuni wa kiwandani, lakini aliitwa Jaji kwa kupenda kuhukumu.

"Msiba gani? Si mimi niko hapa?"

"Hiyo ni habari yako. Kwenu wana yao."

"Mwandikie mama barua," Jerusa akasema.

"Barua ya maiti nani ataamini? Watasema karani ndiye aliyeiandika. Atume picha," Jaji akasema.

Wote wakamgeukia Onyancha, mpiga picha, aliyejikinga mvua na sanduku lake la kupigia picha, la miguu mitatu. Akafumba jicho moja, akatazama ukungu.

"Mwangaza umekwisha. Kesho."

"Lori la posta linaondoka kesho alfajiri!" Obiero akasema.

"Basi keti. Gizani sanduku linaona polepole. Nitahesabu mpaka kumi na mbili, usitikisike."

Kwenye saba, Jaji akapiga chafya. Obiero akageuka. Onyancha akaiosha picha humo humo sandukuni, akaitoa: koti jeusi lisilo na mtu, na juu yake vichwa viwili vya moshi.

"Ukituma hii," Jaji akasema, "hawatangoja Jumamosi."

"Vua koti, linakunywa mwangaza," Onyancha akaamuru. Akasogeza kigoda mlangoni, uso wa Obiero ukaelekea nje. Jerusa akashika shuka jeupe upande wenye giza ili weupe wake umulike shavu. Jaji akaegemeza kisogo cha Obiero kwenye nguzo, kisha akafunga pua yake mwenyewe.

Safari hii kila unywele wa ndevu ulionekana.

"Ni wewe kabisa," Jaji akasema. "Ila umekaa kama umeshaoshwa."

Obiero akamwazia mama yake akiipokea picha ile na kupiga nduru upya.

"Sasa mtu hai anakaaje?"

"Anakula," Jerusa akajibu, akampa bakuli. "Jaza mdomo. Usimeze mpaka kumi na mbili."

Picha ya tatu ilitoka na mashavu mawili makubwa, macho ya kutokeza, uji kidevuni.

"Yuko hai," Jaji akahukumu, "na ana tamaa."

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Obiero akasoma kimya, akapangusa macho, akaikunja barua.

"Mama anasemaje?" Jerusa akauliza.

"Amelia kwa furaha mpaka sauti ikakauka. Lakini picha ilifika ng'ombe wa matanga ameshaliwa. Anasema siku nikifa kweli, nisiwasumbue watu tena."

"Ni haki," Jaji akasema.