Mto Vurana Umelindwa: Hotuba ya Naibu Waziri Zorutu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, uliyetutumia salamu. Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni ya magogo, uliyetutumia boti, viti na kipaza sauti. Chifu Isoa Ngira, mhifadhi wa mila. Mchungaji, uliyeomba kwa ufupi, nasi tumeupokea ufupi huo kwa masikitiko. Makatibu, makatibu wasaidizi na wasaidizi wa makatibu wasaidizi. Wadau wa maji, wadau wa tope na wadau wa masuala mtambuka. Na ninyi wananchi wa Kolobau, mlioacha mashamba yenu, yaani yale yaliyobaki: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu. Wananchi wanatafuna tambuu.)

Mimi, Baddley Zorutu, Naibu Waziri wa Vijito, Vinamasi na Udongo Tulivu, nimekuja kuwaletea matokeo ya Mradi Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kulinda Mto Vurana, mradi uliosifiwa katika warsha za visiwa vyote kabla hata warsha hizo hazijafunguliwa, na ambao, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe nikiwa ndani ya boti, umelinda asilimia mia moja na kumi na nne ya mito yote ya Kolobau, ile kumi na nne ya ziada ikiwa ni mito midogo mipya iliyojichimbia yenyewe katika njia za matingatinga. (Kicheko nyuma. Mheshimiwa anakipokea kama shangwe.)

Leo basi, baada ya mafanikio hayo, tunaomba jambo moja dogo, dogo sana: ridhaa yenu ili mashine zivuke Vurana na kuanza kazi ng'ambo. Na kwa kuwa ardhi ya hapa hufuata ukoo wa mama, na mama wa ukoo akisimama hakuna jambo linalopita mpaka aketi, nawasihi akina mama wote muendelee kuketi, kwa starehe na kwa muda mrefu. (Mama Losana Vido, mkubwa wa ukoo wenye ng'ambo yote, anasimama.)

Tumemwona mama. Tunamshukuru kwa kunyoosha miguu. (Mama Losana: "Miguu yangu mizima, Mheshimiwa. Kilichokufa ni kinamasi changu cha huku. Kakake zangu, yale magimbi makubwa ya kinamasini tunayopika misibani, zimeoza matopeni, nikizivuta zinakatika mkononi kama ugali. Zimebaki za ng'ambo tu. Hizo nazo mkizifukia, tukipata msiba tutapika nini? Magogo?" Kicheko kikubwa.)

Swali zuri, na jibu lake limo katika mpango kazi. Kakake ni zao la kinamasi. Kinamasi ni maji na tope. Nasi tumeongeza tope. Mama hajapoteza kinamasi, bali kinamasi chake kimepandishwa daraja! (Katibu anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.)

Niendelee. Kanuni inakataza kukokota magogo mvua inaponyesha, maana udongo huchotwa na kwenda zake baharini. Kampuni imeitii kanuni hiyo kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, ikitangaza kila asubuhi kwamba kinachonyesha si mvua, ni unyevunyevu. Kanuni inakataza kukata miti kwenye miteremko mikali; miteremko yote imepimwa upya na kuonekana tambarare, kwa kuwa mpimaji alisimama kileleni na kutazama mbele. Na kule mlikodai kwamba mto umezibwa kwa malori ya magogo na udongo ili mashine zije kuvuka, natamka rasmi kwamba hilo ni daraja, na kwamba maji yamepewa nafasi ya kutosha kulizunguka.

(Mama Losana: "Yamelizunguka mpaka jikoni kwangu!" Sauti ya kiume: "Mheshimiwa, mwambie basi akaangie samaki humo humo!" Mama Losana: "Nyamaza, Hendri, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha lori la udongo huo." Hendri anajificha nyuma ya mkewe.)

Utulivu, ndugu wananchi. Mama, kwa heshima na taadhima, tafadhali keti, ili hoja ipite.

(Mama Losana: "Nitaketi, baba. Nionyeshe kwanza mti mmoja. Mlisema miti ya ukingoni itapakwa rangi nyekundu, isiguswe. Nimetembea kutoka chemchemi mpaka mdomo wa mto. Nionyeshe mmoja tu." Chifu Isoa: "Mjibu, Mheshimiwa. Mama hataketi, na mimi siwezi kumketisha.")

Rangi ipo. Nani anasema rangi haipo? Jukwaa hili mnaloliona likimetameta limepakwa nini? Na lile lango la makaribisho? Na viti vya wageni, ambavyo, kama ninavyoona, bado havijakauka? (Meza kuu inainuka kwa pamoja na kujitazama nyuma.) Serikali haiwezi kupaka mti ambao kesho utakatwa, huo ni ubadhirifu!

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru meneja wa mradi, ambaye ataajiriwa mradi utakapoanza. Nawashukuru wataalamu wa maji na udongo, ambao tumewaepusha na usumbufu wa kuja. Naushukuru Mto Vurana, uliokubali kuitwa salama bila kuuliza maswali. Vurana salama! (Wananchi wanatafuna tambuu.) Udongo oyee! (Mbwa anabweka.) Wanaokubali mashine zivuke, mikono juu! (Hakuna mkono. Mama Losana anageuka na kuanza kushuka mtoni. Wanawake wanamfuata na mikeka yao, kisha Chifu, kisha Hendri. Wanatandika juu ya daraja la magogo, mbele ya tingatinga linalonguruma likisubiri kuvuka, na kuketi. Dereva anazima injini.)

Kwa niaba ya Serikali, nawashukuru kwa kuondoka kwa utaratibu na kwenda kuulinda mto wenyewe, kwani hicho, ndugu zangu, ndicho kipengele cha kwanza cha mradi huu kupata kutekelezwa. (Kipaza sauti kinakatika.)