Ombi la Kuchukiwa Hadi Ijumaa

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Kufaana,
Umoja.

Mheshimiwa Mzee Gichuru,

MINTARAFU: KUBONYEZWA KUPITA KIASI

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia wanachama wote kwamba Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, kidole gumba cha Bwana Ng'ang'a, fundi wa viatu, kiligusa kioo cha simu yake mara nne. Gundi ilikuwa haijakauka na kidole hakikuwa na kazi nyingine. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Mimi lilinigharimu shilingi sabini na mbili.

Naomba nieleze, maana nimegundua katika kikundi chetu watu wanafurahia biashara yangu bila kuielewa. Mimi, kama mjuavyo, ni mwandishi wa mabango. Nikiandika KINYOZI ukutani, mwenye nywele huingia, mwenye upara hupita, na hakuna anayenitoza eti mwenye upara ametazama. Mwezi huu nikasoma masomo saba ya bure kwenye simu, nikaingia biashara ya mtandaoni, na huko mambo ni kinyume. Kuna duka la mtandaoni linalouza mto wa kuzuia kukoroma. Mimi nautangaza. Mtu akiununua kupitia tangazo langu, duka linanipa shilingi mia mbili. Lakini kila mtu anapolibonyeza tangazo, anunue asinunue, kampuni ya matangazo inanikata shilingi kumi na nane. Narudia kwa herufi za bango: ANAYEBONYEZA HALIPI. NALIPA MIMI.

Mto niliuchagua kwa kuwatazama nyinyi. Nyumba zetu hizi za kuongezwa chumba juu ya chumba zimetenganishwa na ukuta ambao uko pale kwa ajili ya heshima tu. Nawajua wanachama wengi kwa mkoromo kabla sijawajua kwa sura.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. Desturi yetu ya kumfungulia mtu biashara naiheshimu. Adongo alipoanza kukaanga samaki, kikundi kizima kilikula samaki wiki mbili, hata wale wanaoogopa miiba. Hivyo niliposimama kikaoni nikasema nimepata biashara ya kubonyezwa, kosa ni langu. Nilipaswa kusema ni ya kununuliwa. Lakini sikutarajia kwamba kufikia jioni hiyo mtakuwa mmeshafundishana: andika "mto wa kukoroma" kwenye simu, tangazo la Jackton litatokea juu kabisa, bonyeza. Ng'ang'a alinisimamisha njiani akanishika bega. Akasema, "Buda, nimekujaribia mara nne na chai sijanywa. Jioni narudi tena." Nilimshukuru. Ningefanya nini?

2. Wewe mwenyewe, Mzee wangu, ulifanya kazi ya ofisi miaka thelathini, na daftari liko damuni. Ulifungua daftari la mibonyezo, asubuhi na jioni, jina na sahihi. Asiyebonyeza anatozwa faini ya shilingi kumi. Naomba tuhesabu pamoja. Mwanachama akiwa mvivu, kikundi kinapata kumi. Akiwa mwema, mimi napoteza kumi na nane. Sijawahi kuona mahali ambapo uvivu unajenga mtaa na wema unabomoa nyumba, isipokuwa katika daftari lako. Tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

3. Upendo ulivuka mipaka ya mtaa. Mpwa wako Frankline, anayefanya vibarua Industrial Area, aliwaambia wenzake wa Mukuru kwa Reuben kwamba kuna mtu wa kusaidiwa bila kutoa chochote. Watu walibonyeza wakisubiri kuitwa langoni. Mmoja wao ana shemeji Kiamaiko, Bwana Zakariye, mfanyabiashara wa mbuzi, na huko wakabonyeza kati ya mbuzi mmoja na mwingine. Sasa mtambo wa kampuni hujifunza. Ukiona watu fulani wanabonyeza sana, unaamua hao ndio wenye shida, unawapelekea tangazo kwa wingi. Mtambo umeamua kwamba wakoromaji wakubwa wa Nairobi wako soko la mbuzi. Jana mtambo huo uliniletea ushauri: niongeze picha ya mbuzi kwenye tangazo ili wateja wangu wajione.

4. Kina mama wa maombi waliniombea. Waliomba mibonyezo iwe kama mchanga. Katika miaka yangu yote hapa tumeombea maji, taa na mtaro wa mbele, na hilo ndilo ombi la kwanza kujibiwa kikamilifu na kwa wakati.

5. Nilijaribu kujitetea kwa kuwa mtu mbaya. Niliacha kusalimu watu. Nilimwaga maji ya kufulia karibu na mlango wa Mama Shirleen, nikasimama pale nionekane. Mkaitana kikao. Mkakubaliana kwamba Jackton ana mawazo, biashara inamlemea, hivyo kila mtu abonyeze mara mbili zaidi. Mama Shirleen aliniletea uji.

Nisemapo haya, msidhani ninalia kwa ajili ya tumbo langu. Nilianza na shilingi elfu tisa. Pesa hizo zilikuwa za oveni ya mke wangu Roseline, ambaye mnamjua kwa keki anazooka ndani ya sufuria yenye mchanga, juu ya jiko la makaa, akiinama hadi mgongo unakataa kunyooka. Ana oda ya keki ya harusi ya Nyawira, Jumamosi hii, ya ngazi tatu. Sufuria haijui ngazi. Fundi wa Kariobangi amemwekea oveni hadi Ijumaa jioni, baada ya hapo atamuuzia mtu mwingine, na Nyawira atapeleka oda kwa mwingine pia. Pesa nilizichukua nikimwambia zitarudi zikiwa na wenzao. Hadi leo nimebonyezwa mara mia nne na ishirini. Walionunua: hakuna. Zimebaki shilingi elfu moja mia nne na arobaini.

Roseline hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Aliisikiliza hesabu yote akikanda unga, kisha akasema, "Baba Whitney, umependwa mpaka tumefilisika." Tangu hapo ananipa chakula na kuondoka.

Kuna atakayeuliza mbona nisilizime hilo tangazo. Somo la nne linasema wazi kuwa anayeanza akizima mapema ndiye anayeshindwa. Na pesa iliyobaki inatosha mibonyezo themanini. Nikipata wageni themanini wanaokoroma kwa dhati, wasionijua, wasionipenda, na arobaini na tano kati yao wakanunua, oveni itakuwa jikoni kwetu Ijumaa saa kumi. Kinachonizuia ni mapenzi yenu tu.

Kwa hiyo naomba kikundi kipitishe azimio la kunichukia kuanzia leo Jumatano hadi Ijumaa jioni. Chuki iwe ya kawaida, isiyo na gharama. Nikipita, watu watazame pembeni. Daftari ligeuzwe, atakayebonyeza ndiye atozwe. Napendekeza Bwana Kabiru awe mwenyekiti wa kamati ya kunichukia, kwa kuwa tuligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo na hajanibonyeza hata siku moja. Kwa hesabu yoyote ile, Kabiru ndiye rafiki pekee niliyebaki naye Umoja. Nyumba ambazo zitaona ugumu kunichukia, niko tayari kuzipitia moja moja na kuzipa sababu.

Nisalimie Mama nyumbani, wajukuu, Ng'ang'a na gundi yake, kina mama wa maombi (waambie wapumzike), na Mama Shirleen, ambaye bakuli lake nitalirudisha Jumamosi tukishapatana.

Ni mimi, nisiyestahili kupendwa kiasi hiki,
Jackton Obura,
Mwandishi wa Mabango.

Tanbihi: Nilipokuwa naikunja barua hii, Bi. Sirad wa duka la vitambaa amekuja kuuliza, kwa aibu kidogo, ni lini nitaleta mito mingine. Anasema yeye na wanachama wasiopungua arobaini wana pesa mkononi tangu mwanzo. Kila wakibonyeza, duka linawaambia bidhaa haipo, wajaribu tena baadaye, nao wanajaribu asubuhi na jioni. Hawakuniambia kwa sababu si adabu kumwambia jirani aliyefungua biashara kwamba duka lake ni tupu. Mimi sikuwahi kulibonyeza tangazo langu, nikiokoa shilingi kumi na nane. Sasa nimelibonyeza. Mto uliisha tarehe tatu. Nilianza kuutangaza tarehe tano.