Kanga ya Radhiya Juu ya Mkoko

Jumamosi, 12 Julai
Nimeoa! Radhiya wangu! Fungate siku saba kwa mkwe, hapa kijijini Pete, mguu usivuke kizingiti. Ningekaa hata mwaka! Ila furukombe, wale tai wala samaki! Miaka kumi na moja hawakutaga kwetu, sasa wamerudi mikokoni, mayai mawili. Na desturi ya kikundi chetu cha kulinda viota: anayeona kinda kwanza ndiye anayelichagulia jina. Nshamwahidi Radhiya, litaitwa Radhiya. Zamu yangu kapewa nani? Mmanga, mpinzani wangu wa siku zote!

Jumapili, 13 Julai
Mmanga kapita dirishani. Ati bwana harusi astarehe, kinda litaitwa Mmanga. Uso ule ule wa kejeli! Nimebuni mpango. Radhiya kacheka mpaka kajishika mbavu, kisha kaniazima buibui.

Jumatatu, 14 Julai
Alfajiri tumetoka, mabibi wawili. Njiani Mzee Khatib, jirani, kauliza huyu nani. Radhiya kamjibu ni shangazi yake wa Tumbatu, bubu. Mzee kasikitika: maskini, na miguu mikubwa yote hiyo!
Mikokoni raha tupu. Jike kalalia mayai, dume analeta vijiti. Mtu na mkewe, kama sisi! Radhiya kaanika kanga yake iliyorowa. Dume akashuka, akaibeba mpaka kiotani. Tukapiga makofi. Wallahi, tulipiga makofi!

Jumatano, 16 Julai
Kinda limeanguliwa. Kaliona Mmanga. Kwenye fomu ya kikundi, penye vifaa vya kiota, kaandika: vijiti, majani, kanga moja nyekundu, MWALI MWEMA HUTULIA NDANI. Kasoma kwa darubini, kisha kawasomea watu wote dukani. Kanga yenyewe mkwe ndiye aliyempa mwanawe siku ya harusi! Nikaitwa na mkwe. Shikamoo yangu ikaning'inia hewani, marahaba haikuja. Bi Amne, somo aliyemfunda Radhiya, kahukumu: tumevunja fungate, basi linaanza upya. Siku saba nyingine! Nikainama haraka, wasiyaone meno yangu.
Lakini kinda linaitwa Mmanga. Roho inaniuma.

Ijumaa, 18 Julai
Yai la pili bado! Radhiya kasema shangazi wa Tumbatu asionekane tena, kashajulikana. Kweli, mke wangu ana akili. Kwa hiyo kesho anafika mdogo wake shangazi, kiziwi. Buibui lile lile. Na Radhiya atavaa kanga mbili, tai akichukua moja, ibaki moja.