Kiboksi Kinachojifunza Tabia

Mtu anayeitwa Injinia hajawahi kukanyaga darasa la uhandisi. Cheo hicho alikipata stendi, siku alipojitolea kumbebea injinia wa kweli mkoba wake. Mwenye mkoba hajauona tena hadi leo, na Injinia aliona ni haki cheo kifuatane na mali.

Asubuhi moja alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, akimnunulia binti yake dawa ya kifua, masikio yake yakiwa kazini kama kawaida. Mbele yake alisimama mama mmoja mnene wa mwili na wa sauti, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mjengo kwa sababu ya nyumba zake za kupangisha. Alikuwa akimmwagia muuza dawa machungu yake.

"Niliwaambia wapangaji umeme uko juu yangu, nikidhani ni watu wenye aibu," alisema. "Wanakwenda kazini wanaacha viyoyozi vinapoza viti. Viti, baba. Viti vyangu vinaishi vizuri kuliko mimi."

Injinia aliguswa. Kila anapokutana na tajiri anayeteseka kwa jambo dogo, moyo wake hulainika sana na viganja huanza kumwasha.

Tatizo ni kwamba siku hizi hakuwa huru kumsaidia kila anayeteseka. Mkewe, mwanamke mpole ambaye alikuwa amefunga mizigo kwa haraka katika miji mingi kuliko dereva wa lori, alikuwa amemwekea sharti. "Endelea na ujanja wako kama kuacha kumekushinda," alimwambia akikunja sare za mtoto. "Lakini hapa sihami. Mtoto amepata shule, amepata na rafiki. Siku utakayonijia unahema unaniambia tuondoke, utafunga mzigo wako peke yako."

Injinia alijua mkewe hatishi bure, na ukweli ni kwamba bila mke na binti yake angebaki na ule mkoba tu. Kwa hiyo alihitaji utapeli wa kistaarabu, wa kumwachia mtu kitu ukutani akaishi nacho kwa amani bila kujua ameibiwa. Jibu lilimjia pale pale, kabla muuza dawa hajamrudishia chenji.

Kesho yake alibisha hodi kwa Mama Mjengo, shati limepigwa pasi mpaka limekata tamaa, kalamu zimejipanga mfukoni kifuani. Akatoa kiboksi cheupe cha plastiki chenye kioo kidogo kinachoonyesha saa na joto la chumba, na vitufe chini yake, akakifunga kwenye ukuta wa sebule kwa majaribio. Ndani mlikuwa na saa ya mezani ya bei ya jumla, basi. Nyaya zilizotoka mgongoni ziliingia ukutani na kuishia hapo hapo, hazina habari na mtu.

"Hiki, mama, kinaitwa kidhibiti-joto," alisema. "Unakipangia ratiba. Asubuhi watu wakiwa ndani, nyuzi ishirini na nne. Wakishakwenda kazini kinakizima kiyoyozi. Wakikaribia kurudi kinakiwasha. Wewe umelala zako."

"Nani anakiambia kwamba wamekwenda kazini?"

"Hapo ndipo utaalamu ulipo. Kinajifunza tabia za nyumba. Mwanzoni kinatazama tu, kama mkwe mgeni. Baadaye kinakujua kuliko unavyojijua."

"Mh," alisema Mama Mjengo.

"Ila nitaomba rimoti ya kiyoyozi niondoke nayo. Vikikaa nyumba moja vinapigana amri."

Mama Mjengo alimpa. Injinia akaitumbukiza katikati ya kalamu, kichwa kikichungulia nje. Kwa mkono mmoja akabonyeza kitufe cha kiboksi, kwa mwingine akajishika kifua kwa unyenyekevu, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa. Kiyoyozi kikalia pii na kuanza kupuliza.

"Nimependa," alisema Mama Mjengo. "Nataka cha hapa sebuleni na vya nyumba zote za nyuma. Lakini umesema kinajifunza."

"Kinajifunza, mama."

"Basi tukiache kisome. Kikihitimu, njoo uchukue hela ya vyote. Mimi simlipi mshahara mtu aliyeko shule."

Injinia alitoka anatabasamu, na tabasamu lilimfikisha hadi getini. Hapo ndipo hesabu ilipomkaa. Kiyoyozi kisipowaka na kuzimika chenyewe, hapatakuwa na mauzo. Patakuwa na kelele, majirani watatoka, na yeye atakwenda nyumbani akihema kumwambia mke wake neno ambalo hatakiwi kulisema. Kulikuwa na njia moja tu. Kiboksi hakina akili, yeye anayo. Kiboksi hakina rimoti, yeye anayo.

Kwa hiyo Injinia alihamia kwenye ua wa michongoma, chini ya dirisha la sebule ya Mama Mjengo.

Saa ya kuwasha ikifika, aliinua rimoti juu ya kizingiti cha dirisha na kuwasha. Saa ya kuzima ikifika, alizima. Katikati ya saa hizo alichomwa na miiba, akatembelewa na siafu, na jua likamkaanga shingo kwa utulivu. Jioni alirudi nyumbani amechanika mikono. Mkewe alimtazama, akampaka mafuta mikononi.

Angevumilia hayo yote kama Mama Mjengo angeshika ratiba. Lakini mchana mmoja simu ilitetemeka mfukoni mwake.

"Injinia, kile kiboksi nataka kukibadilishia ratiba. Si naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, mama," alinong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Niko kwenye semina ya wahandisi."

"Haya, semina njema. Nataka kijifunze kwamba nikikaa kwenye kochi kiwashe, nikisimama kizime."

Mama Mjengo ni mtu ambaye akishakaa kwenye kochi, kunyanyuka kwake huwa na sababu maalumu. Siku hiyo alikaa akasimama, akakaa akasimama, kama kuruta kwenye gwaride. Injinia, jicho moja kwenye upenyo wa pazia, aliwasha akazima, akawasha akazima, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Hakukosea hata mara moja.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo la aibu: alianza kuipenda kazi. Alijua jua linaingia dirisha lipi saa ngapi. Siku ya mvua alipandisha nyuzi mbili bila kuambiwa, kwa upendo tu, kwa kuwa aliona Mama Mjengo amejifunika khanga miguuni. Duniani kote hakuna kidhibiti-joto kilichowahi kufanya kazi kwa uadilifu kama ule, na Injinia mwenyewe, tangu azaliwe, hakuwahi kuwa mkweli kwa muda mrefu kiasi hicho.

Hatimaye aliitwa. Kiboksi kimehitimu, Mama Mjengo alisema kwenye simu. Injinia alioga mara mbili, akapiga pasi shati, akaketi sebuleni akiwa amekunja nne. Mwenyeji wake alimletea maji ya baridi, akakichomoa kiboksi ukutani, akakibandua mgongo, na kuiweka saa ya mezani kwenye meza, kando ya glasi.

"Jioni ile ile uliyoondoka nilikifungua nikifute vumbi," alisema. "Mimi hupangusa mpaka ndani ya redio."

"Hicho, mama, ni kiini cha mtambo, kinaitwa—"

"Kinaitwa saa, mwanangu. Ninayo nyingine chumbani."

Injinia alitazama mlango. Akatazama dirisha lake alilolizoea. Kisha akamkumbuka mkewe na sare zilizokunjwa, na miguu ikakataa kufanya kazi yake ya siku zote.

"Nilitaka kupiga simu kituo cha polisi," Mama Mjengo aliendelea, "mkuu wa pale ni mtoto wa dada yangu. Simu iko mkononi, kiyoyozi kikajizima, saa ile ile tuliyopanga. Nikachungulia. Nikakuona umechuchumaa kwenye michongoma na rimoti yangu, unaangalia saa yako. Nikajisemea, kumbe huyu mtu anafanya kazi."

"Nisamehe, mama. Nitaondoa kiboksi, na rimoti yako hii hapa."

"Uondoe nini, na wapangaji nimeshawatangazia? Kodi nimepandisha, wameridhia, wenyewe wanapiga picha ukuta pale kitakapokaa. Wanapenda sana mashine. Rimoti zao nimeshazikusanya, nimewaambia zinapigana amri. Kila nyumba itakuwa na kiboksi chako, na kila kiboksi kitakuwa na wewe."

Injinia aliirudisha rimoti mfukoni. "Na hela yangu?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Hela gani tena? Utakaa nyumba ndogo ya getini bure. Vyumba viwili, choo ndani. Mke wako ameipenda."

"Mke wangu?"

Mlango wa jikoni ulifunguka, na mkewe akaingia, ametulia kama mtu aliye kwake. Kiunoni amefunga khanga, mkononi ana rimoti nyingi zilizofungwa pamoja kwa mpira.

"Mama alikuja nyumbani kuniuliza kama una pumzi ya kutosha," alisema. "Nikamwambia asijali, umekimbia miji mingi."

"Umekubali bila kuniuliza?"

"Kwani wewe uliniuliza mara ngapi?"

Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu ilikuwa kazi safi: mteja ameuzwa ndoto, bidhaa haina gharama, aliyetapeliwa hana pa kushtakia. Kama angeifanya yeye angejivunia maisha yake yote. Akajaribu la mwisho. "Na nikikataa?"

Mama Mjengo alichukua simu yake na kuanza kutafuta namba ya mtoto wa dada yake, bila haraka, akilowesha kidole kwa ulimi. Mkewe alivuta kiti, akaketi, akakunja mikono. Hakuwa na sura ya mtu anayefikiria kufunga mzigo wowote.

"Nyumba ya nne wameshakwenda kazini," alimwambia mumewe kwa upole, akimwekea rimoti kiganjani. "Viti vinapigwa baridi. Kazime, baba."

Injinia akanyanyuka, akaenda kuzima.