Mke wa Kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa. Mkuu wa kitivo amenitamkia mwenyewe, huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Nitakiwakilisha chuo kwenye kongamano la kimataifa la wanafunzi, ng'ambo. Dakika kumi jukwaani. Mada: taka za mabweni. Haki yangu hiyo. Miezi minne nimepima mapipa kwa mizani ya mkono, kila asubuhi, nikinuka kama pipa lenyewe. Yote yamo kwenye daftari langu la jalada jekundu.

Doa moja tu. Mkuu ameteua na mbadala: Kamusi, tunayekaa naye chumba kimoja, na tunamwita hivyo kwa sababu humsahihisha kila mtu. Nikikosa viza, anakwenda yeye. Wote wawili tuombe, kasema Mkuu, mahojiano ubalozini Jumatano ya wiki ijayo. Kamusi amenipa mkono wa pongezi. Ulikuwa mkavu kabisa. Wangu ulikuwa unachuruzika.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mtu wa fotokopi, mkabala na ubalozi. Ana meza, mashine na mwavuli, na kwa maneno yake mwenyewe anazijua viza kuliko mabalozi. Ameisoma fomu yangu, akaguna. Akauliza kama nina mke. Sina. Watoto je? Sina. Akaweka kalamu chini kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema kijana asiye na mke wala mtoto akipanda ndege harudi, na ubalozini wanalijua hilo, fomu yangu itatupwa kabla chai yao haijapoa.

Nikamuuliza tufanyeje. Akafungua droo.

Kufika saa sita mchana nilikuwa na mke, watoto wawili na picha yao: mama kaketi, mvulana kavaa kaptula, msichana gauni la njano. Familia nzuri, sina la kulalamika. Akanishauri pia nipunguze makaratasi, kwamba faili nene inatia shaka. Tumelitoa daftari jekundu. Cheti cha ndoa kimekaa mahali pake. Fomu nimeiwasilisha, picha na cheti nitakwenda navyo siku yenyewe.

Kamusi amejaza fomu yake peke yake. Penye mke ameandika hapana. Maskini wa Mungu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama amepiga simu saa mbili asubuhi. Mama hushona sare za shule nyumbani, na saa hiyo cherehani huwa inarindima. Leo ilikuwa kimya. Nikajua kuna jambo.

Ubalozi walimpigia jana. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa simu ya ndugu wa karibu, nami niliandika namba ya Mama, kama nilivyoiandika kwenye kila fomu tangu nianze kujaza fomu. Mkono ulikwenda wenyewe. Wamemuuliza kama mke wa mwanawe hajambo. Mama hajawahi kusikia habari za mke. Akajibu hajambo, katoka kidogo, kaenda sokoni. Na watoto, mvulana na msichana? Wanakua, akasema. Hakuwa tayari kumwaibisha mwanawe mbele ya wageni.

Alipomaliza kunisimulia alivyoniokoa akalia. Ameuliza amenikosea nini hata nimfiche mkwe. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza watoto wana umri gani na yule msichana anapenda rangi gani.

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nilifungua mdomo. Kamusi alikuwa kitandani kwake na kitabu, hageuzi ukurasa. Nikasema mvulana miaka mitano, msichana mitatu. Rangi, njano.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amepiga. Huyu ni dada wa marehemu baba, na hapigi simu kusalimia. Ametaka kujua posa ilipelekwa na nani. Nani alisimama mahali pa kaka yake. Wakwe ni watu wa wapi. Nikasema mtandao unakatika. Akasema haidhuru, yeye na Mama watakuja Jumanne, mkwe atawajibu ana kwa ana.

Jumanne! Siku moja kabla ya mahojiano.

Nimemwomba msichana wa maktaba awe mke wangu kwa saa mbili. Ameniuliza kile kitabu cha Novemba nitakirudisha lini.

Jumanne, 11 Machi

Wamefika. Nimewakalisha kantini ya chuo, nikawaambia mke kaenda kwao kuuguza, na watoto kaenda nao. Shangazi akauliza anauguza nani, ugonjwa gani. Aliniangalia mpaka nikamtaja mgonjwa mmoja na magonjwa mawili yasiyokaa pamoja.

Mama alifungua mfuko, akatoa kaptula na gauni dogo la njano. Siku tatu ameacha sare za watu akishona hizo. Gauni ameliwekea upindo mpana, literemshwe mtoto akirefuka.

Niliona haya. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Nilitaka kumwambia palepale, mbele ya Shangazi, potelea mbali. Lakini mahojiano ni kesho, na mtu aliyetoka kulia hapendezi kwenye dirisha la ubalozi.

Jumatano, 12 Machi

Dirisha namba tatu. Afisa, mama wa makamo, sweta la kijivu, sauti ya chini. Jasho langu liliacha ramani kwenye kaunta. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza msichana anaitwa nani. Nikasita. Baba gani anasita?

Akainuka, akaja na faili nne, akazifungua mbele yangu moja baada ya nyingine. Kaptula ileile. Gauni lilelile. Akasema mwezi huu peke yake watoto hawa wameshapata baba wanne, mimi ni wa tano, na baba wa kwanza ana miaka hamsini na minane.

Nikasema watoto wanafanana.

Akaniuliza, bila hasira, kama ninao utafiti wowote wa kweli. Ninao! Uko bwenini, juu ya kabati. Akasema wanafunzi wasio na wake huwapitisha kila siku, barua ya chuo na kazi yao vinatosha. Akapiga muhuri. Muhuri mbaya.

Kamusi alikuwa dirisha la pili. Dakika tano. Alitoka anatabasamu, daftari langu jekundu kwapani. Kaeleza kwamba alilikuta chumbani, akadhani nimelisahau, akaniletea. Akakuta nimeshaitwa. Yeye alipoulizwa utafiti uko wapi, akalionyesha. Ameongeza kuwa lina makosa matatu ya tahajia, ameshayarekebisha.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu amethibitisha. Anakwenda Kamusi, kwa sababu mada ni ya kitivo, si ya mtu. Mimi nitatajwa kwenye shukrani. Miezi minne ya mapipa, na linalopanda ndege ni daftari. Nimekaa ngazi za nyuma ya bweni nikalia.

Mama na Shangazi wameondoka asubuhi. Mama ameacha zile nguo. Amesema niwavishe mapema, watoto hawangoji. Amesema hataniuliza tena, atasubiri mpaka nitakapokuwa tayari kuwaleta.

Jumatatu, 17 Machi

Tangazo jipya ubaoni. Kongamano jingine, Septemba, nchi nyingine, ubalozi mwingine! Nimekaa nikatafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Kosa halikuwa kuwa na mke. Kosa lilikuwa kuwa na mke aliye hai. Mke aliye hai anaulizwa hali, anapigiwa simu, anafuatwa na Shangazi. Safari hii nitakuwa mfiwa. Nani atamhoji mtu aliyefiwa na mkewe? Watoto nguo wanazo, na picha yao nitaipiga mwenyewe.

Mtu wa fotokopi ameafiki. Keshafungua droo. Cheti cha kifo nitakichukua Alhamisi.

Limebaki jambo moja tu. Inabidi nimpigie Mama nimwambie mkwewe amefariki.