Kifo cha Lameck Mbele ya Sanduku la Mdachi

Tuntufye wa Busale hakuwa amewahi kukamata hata kuku aliyetoroka, lakini siku aliposikia mambo ya Matema alijiajiri upelelezi wa serikali papo hapo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mdachi mmoja alikuja ufukweni na sanduku la picha za kutembea, akataka mchezo wa vita. Asegelile, tajiri wa ng'ombe na bahili wa kutupwa, akapitisha mkuki kwapani mwa mvuvi Lameck. Lameck akaanguka, akafa vizuri mno, akalipwa chumvi. Kesho yake akapakia vyungu vya mkewe mtumbwini, akaenda Mwaya kuvibadilisha kwa mahindi. Huko ndiko Tuntufye alikomkuta, mzima wa afya, akisimulia kifo chake huku anacheka.

Basi mheshimiwa akaazima koti la kaki, akatua kwa Asegelile, akamwamkia kama baba yake.

"Ugonile, tata. Picha zimefika bomani. Wakubwa wamekuona kwa macho yao ukiua mtu."

"Ule ulikuwa mchezo!"

"Haya, Lameck yuko wapi?"

Asegelile akatazama huku na huku. Shingo ikaanza kumwasha.

"Kitanzi kinasokotwa," Tuntufye akasema kwa huruma kubwa. "Ila yule fahali mweusi anaweza kunisahaulisha."

Kamba ya fahali ilikuwa imeshamfika Tuntufye mkononi alipotokea Veronika, mke wa Lameck, viganja vimejaa udongo wa kufinyangia. Mama huyu alijua fika mumewe yuko wapi. Alijua pia kwamba Asegelile hajawahi kuchinja kwenye msiba wa mtu.

"Tata mpelelezi, una hakika mume wangu kafa?"

Angejibu nini? "Hakika kabisa, mama. Pole sana."

"Basi huyo ni ng'ombe wa msiba!" Akapiga yowe, kijiji kizima kikaja mbio.

Kwa watu wa kule, msiba bila nyama si msiba. Kufumba na kufumbua fahali yuko chunguni, na mpelelezi, masikini, analia kwa uchungu kuliko wafiwa wote.

Nyama ilipoiva, akatokea Lameck na mahindi yake.

"Jamani, nani kafa?"

"Wewe," Veronika akasema. "Kaa ule."

Asegelile akainuka kwa hasira. "Mpelelezi, mtu tumempata. Sasa fahali wangu ameuawa, na huu si mchezo. Nani kamuua?"

Watu wote, midomo inang'aa mafuta, wakamnyooshea kidole Tuntufye. Ushahidi ulikuwa mzito. Akaukubali wote, akatimua mbio kuelekea milimani, na hata mchuzi hakuonja.