Muswada Wangu wa Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimefungua ukurasa wangu kwenye tovuti ya Bunge la jimbo. Picha nzuri, nywele zimekaa. Chini yake: "Mheshimiwa Orrin Stenvig, mfanyabiashara wa magodoro, Elk Bend. Miswada aliyowasilisha: mingi. Iliyopita: hakuna."

Hakuna! Limeandikwa kwa herufi nene.

Nikafungua ukurasa wa Lorna Pfaff, anayekaa kiti kilicho kando ya changu na kutafuna bisi kikao kizima. Yake iliyopita haikuenea kwenye skrini. Ilinibidi niisukume juu kwa kidole. Na uchaguzi ni Novemba.

Nimeurekebisha wasifu wangu. Sasa unasema nimekulia shambani. Ni kweli kabisa. Nilikaa kwa shangazi likizo moja ya kiangazi, nikarudishwa mapema kwa sababu ya bata.

Jioni akapiga simu Bi. Verna Kvale, mjane wa mtaa wa nyuma ya kanisa la Walutheri. Manispaa imemwambia awaondoe kuku wake kabla mwezi haujaisha. Kisa, ndani ya mji hairuhusiwi. Alikuwa anajikaza asilie. Akasema amesoma kwamba mimi ni mtu wa shamba, nitamwelewa.

Nikasimama pale jikoni kama niliyepigwa na radi. Kuku! Nani anamchukia kuku? Huu ndio muswada.

Mke wangu Darlene akauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia historia inaandikwa. Akasema basi historia itoe takataka nje, gari linapita asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Bi. Verna. Kahawa nyepesi, vipande vya keki ya limau, theluji mpaka dirishani. Banda la kuku alilijenga marehemu mumewe, Arne, na lina mapazia. Kila asubuhi mama huyu huenda kuwasimulia kuku habari za hali ya hewa.

Akanikabidhi mtetea mwekundu aitwaye Dolores. Nikamshika nilivyoona inafaa. Bi. Verna akanitazama, akamtazama Dolores aliyekuwa kichwa chini miguu juu.

"Mwanangu," akasema, "hilo shamba ulilokulia, lilikuwa la viazi?"

Nimedonolewa sikio. Plasta iko upande wa kushoto, kwa hiyo picha zote wiki hii zitapigwa kutoka kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanasheria wa Bunge ameniandalia muswada. Mfupi, safi. "Mkazi wa mjini anaweza kufuga kuku wasiozidi wanne." Nimeusoma tena na tena. Hilo neno "anaweza" limelegea! Halina misuli. Sheria gani hiyo inayomnong'oneza raia sikioni? Nikalifuta, nikalainisha mengine kidogo ili yakae sawa, nikauwasilisha mwenyewe kabla mwanasheria hajarudi kutoka chakula cha mchana.

"Mkazi wa mjini lazima afuge kuku wanne."

Hapo sawa. Unausikia ukitembea kwa buti.

Jumanne, 11 Machi

Gazeti, ukurasa wa kwanza: MBUNGE ATAKA KILA MTU AFUGE KUKU. Na picha ya upande wa kushoto.

Simu hazijakoma tangu nimeamka. Bwana mmoja wa ghorofa ya tisa anauliza kuku watapanda kwa lifti au kwa ngazi. Mkuu wa gereza anauliza kama wafungwa ni wakazi. Mama mmoja mwenye watoto sita amezidisha kuku wanne kwa kila kichwa, akakata simu bila kuaga. Mwenye kampuni ya vifaranga ameniletea maua na kadi ya mapenzi mazito.

Lorna Pfaff amecheka mpaka bisi zikamtoka puani. Akasema katika maisha yake ya siasa hajaona neno moja likifanya kazi nyingi hivyo. Nimemjibu kwamba wenye maono hawaeleweki zama zao. Akaniomba nisogee, namzibia hewa.

Bi. Verna naye alipiga. Kauli yake ilikuwa ndogo: "Mheshimiwa, mimi nilitaka tu waniachie wangu."

Sikula chakula cha jioni. Karibu nisile.

Alhamisi, 13 Machi

Kamati. Nilikuwa na mpango. Watu hawawezi kukikataa kitu wakikitazama machoni, basi nikamwazima Dolores, nikampakia kwenye kikapu cha pikiniki, nikamfunika na taulo. Ningemfunua wakati wa kilele.

Dolores hakungoja kilele. Nilikuwa bado kwenye salamu, "Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa," taulo likaruka. Kumbe Mwenyekiti Gil Rausch anaogopa ndege tangu utoto. Nani angejua? Mtu mzito yule, alipanda juu ya meza kama paka.

"Stenvig!" akapiga kelele. "Si umekulia shambani? Mkamate!"

Nikamkimbiza Dolores chini ya viti vya waandishi, juu ya jukwaa, kuzunguka bendera mara kadhaa. Nilimrukia. Niliambulia bendera. Yeye akakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti, akajitengeneza manyoya, akataga. Yai la kahawia, zuri tu.

Ndipo Bi. Verna akainuka nyuma, akaja na fimbo yake, akapiga ulimi, "Tk, tk, tk." Dolores akashuka akamfuata kama mtoto anayeitwa kula. Mama akambeba, na kwa kuwa alikuwa karibu na kipaza sauti, akasema. Hakuwa na karatasi. Akasema tangu Arne afariki, nyumba asubuhi ni kimya mno, na akisikia kuku wanalalamika anajua kuna mtu anamngoja aamke. Basi. Akakaa.

Rausch, bado juu ya meza, akajipangusa jicho.

Pfaff akaweka bisi chini. Mara ya kwanza namwona akifanya hivyo. Akapendekeza "lazima" litoke na "anaweza" lirudi. Kura zote zikaunga mkono.

Nimewaambia waandishi kwamba hivyo ndivyo nilivyopanga.

Alhamisi, 20 Machi

Kura ya Bunge zima! Nilitayarisha hotuba ya dakika tatu. Spika anasema ilifika ishirini, lakini Spika hana sikio la fasihi. Wawili walilala. Kwa muuza magodoro hiyo ni sifa.

Bi. Verna alikuwa juu roshani na koti lake la kanisani. Kengele ya kura ikalia. Nikageuka nimpungie mkono, kwa heshima, huku mkono mwingine ukibonyeza kitufe.

Chekundu.

Nilibonyeza chekundu! Ubao ule mkubwa, majina yote, na mimi hapo: STENVIG, HAPANA. Nikapiga ngumi meza, nikabonyeza kijani, muda wa kura umeshafungwa. Nilimwona mama yule akinyanyuka kusoma ubao, ameshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili.

Muswada umepita. Kwa kura moja.

Pfaff akaniinamia, akaninong'oneza: "Hongera, Orrin. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemjua ambaye muswada wake umefaulu kwa kumshinda mwenyewe."

Nje, Bi. Verna alinikumbatia hata hivyo. Anadhani ni taratibu za Bunge, kwamba mwenye muswada hupinga kwa unyenyekevu. Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha sana.

Ijumaa, 28 Machi

Seneti waliupitisha haraka, na Gavana ametia saini leo. Kuku wanabaki. Manispaa imemwandikia Bi. Verna barua ya kumwomba radhi, naye ameitandika bandani.

Picha rasmi: Gavana, Bi. Verna, Pfaff akiwa na kalamu ya kumbukumbu. Mimi niko nyuma ya nguzo. Kiwiko changu kinaonekana. Darlene anasema ni kiwiko kizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Ukurasa wangu: "Iliyopita: mmoja." Mmoja! Nimeongeza kwenye wasifu: "mtaalamu wa kuku."

Wananchi wana kiu ya uongozi kama huu, haifai kupoa. Muswada unaofuata ni wa uvuvi. Sheria inawalazimisha wavuvi kuondoa mapema mno vibanda wanavyovulia samaki juu ya ziwa lililoganda, eti barafu inalainika. Uoga mtupu! Nataka wakae mpaka mwisho wa Aprili. Mzee wa duka la chambo ameniambia wiki hii hata mbwa wake hapiti pale. Nikamweleza, kwa upole, kwamba anazungumza na mtu aliyekulia ziwani.

Nimeita wapiga picha. Kesho saa nne asubuhi, katikati ya ziwa. Nitakwenda na lori la dukani, limejaa magodoro, waone barafu ilivyo imara.